Maua Yaliyoishia Getini

Simu ililia saa tatu na robo asubuhi, Mama Waridi akiwa ameuma utepe kwa meno na mikono yote miwili imezama kwenye ndoo ya maji. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya duka lake la maua. Hakuwa na mtoto aitwaye Waridi, na waridi lenyewe halikuwa hata ua analolipenda, maana lilimchoma vidole kila siku ya Mungu. Aliutema utepe, akajifuta kwenye aproni, akapokea.

"Dada, ni mimi tena," ilisema sauti ya mwanamke, ya chini kama ya mtu anayejificha. "Yule wa Mwalimu."

Mama Waridi aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mteja wake wa ng'ambo, ambaye miezi mitano nyuma aliliona duka mtandaoni pamoja na tangazo lake la mstari mmoja: ukiagiza kabla ya saa sita mchana, maua yanafika leo leo. Mara ya kwanza binti huyo alituma maua siku mama yake alipotoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Mara ya pili ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba yake. Mara zote mbili maua yalifungwa asubuhi, yakaondoka na pikipiki mchana, na daftari la kupokelea likarudi na sahihi.

"Karibu mdogo wangu. Mwalimu hajambo?"

"Hilo ndilo nilitaka nikuulize wewe," binti akasema. "Tangu mama atoke hospitali sijaisikia sauti yake. Simu yake, kaka anasema imeharibika. Nikipiga ya kaka asubuhi, mama ana wageni. Nikipiga mchana, mama amelala. Nikipiga jioni, mama anaoga. Hivi dada, ni mtu gani huyo anayepokea wageni, analala na kuoga miezi mitano mfululizo?"

Mama Waridi alitaka kucheka, akaona si pake.

"Nimewaza yote," binti akaendelea. "Nimewaza labda amenisusa kwa sababu sikuja alipovunjika. Lakini ningekujaje? Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajatoka, ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi kazini. Niko huku nawaosha wazee wa watu, nawalisha kwa kijiko, nawachana nywele. Wangu hata kusikia akisema 'yamefika mwanangu' sijasikia." Akavuta kamasi. "Leo anatimiza sabini na tano. Nataka alizeti. Alipokuwa anafundisha alizipanda nje ya darasa lake, sisi watoto tukawa tunamwagilia kwa zamu. Na kadi niandikie hivi."

Mama Waridi akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha kila neno aliloambiwa. Alipomaliza, binti akauliza polepole, "Ile mara ya pili uliniambia mama alifurahi sana. Hebu niambie, alisemaje hasa?"

Mama Waridi akaigeuzageuza ile bahasha. Ukweli ni kwamba hakujua Mwalimu alisema nini, wala kama alisema. Yeye mteja akimpigia kuuliza, humjibu, "Yamefika, amefurahi sana," kama vile muuza duka mwingine anavyosema karibu tena. Hakuwahi kulifikiria neno hilo kuwa ni uongo.

"Leo nitakwenda mwenyewe," akasema. "Nitampa mkononi, kisha nitakupigia nikuambie alichosema, neno kwa neno."

Alipokata simu, alilifungua daftari. Sahihi ya kwanza na ya pili zilikuwa za mkono mmoja: herufi moja kubwa, kisha mkia mrefu uliojikunja kama wa mjusi. Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima wa miaka arobaini mwenye maneno mengi kuliko pikipiki yake ilivyo na moshi. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maua.

"Shemeji, haya ya Mwalimu, nani alikutilia sahihi?"

"Jamaa mmoja mnene hivi, mpole sana. Mwanawe. Mara zote mbili tulikutana getini."

"Mwalimu ulimwona?"

"Nimwone wa nini, shemeji? Mwanawe si kapokea? Yule kaka hata hakunichelewesha. Kabla sijapiga honi mara ya pili kashatoka. Akaichomoa kadi, akanishukuru, akaingia."

"Akaichomoa kadi?"

"Ndiyo. Nikadhani anataka kwenda kumsomea."

Mama Waridi alilifunga daftari kwa kishindo, hata tone la maji likaruka kutoka ndooni. Shemeji, ambaye alimjua vizuri, akatoka kwenda kuifuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi.

Alizeti alizokuwa nazo zilikuwa kumi na nne. Alizipunguza majani ya chini, akakata kila shina kwa mshazari ndani ya maji ili lisivute hewa, akaziacha zinywe saa nzima huku akiwafungia wateja wengine. Halafu akakiandaa kikapu: nailoni chini, sponji ya kijani iliyokwisha kulowa, majani mapana pembeni. Tatu zilikuwa zimeinamisha vichwa, akaziondoa. Zilizobaki akazipanga ndefu nyuma na fupi mbele, zote zikiangalia upande mmoja, kama wanafunzi darasani. Katikati alichomeka maua meupe madogomadogo. Kadi aliiandika kwa mwandiko wake bora, akaifunga kwenye utepe kwa mafundo mawili. Kwa kawaida fundo moja lilimtosha.

Saa saba na nusu alifunga duka, akapanda nyuma ya pikipiki amekikumbatia kikapu.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya kuta za rangi ya maziwa, yenye geti la mabomba lililokuacha uone mpaka sebuleni. Nje ya mlango palikuwa na viatu vingi, vya kike na vya kiume, na kupitia dirisha lililo wazi zilisikika sauti za watu wazima wakicheka. Shemeji alipiga honi mara moja tu. Kabla hajainua mkono tena, mwanamume mnene, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akatoka mbio mbio, akalishika geti kutoka ndani kama mtu anayezuia kuku wasitoke.

"Maua? Ahsanteni, leteni."

"Habari za mchana, kaka," Mama Waridi akasema. "Mimi ndiye mwenye duka. Nimeagizwa nimkabidhi Mwalimu mwenyewe, mkononi."

"Mama hajisikii vizuri. Amelala."

Wakati uleule sauti ya mwanamke mzee ikasikika dirishani, imenyooka kama ya mtu aliyezoea kusema na watoto hamsini: "Wewe! Wewe ndiye uliyekuwa unaweka chura kwenye dawati langu, leo unajiita meneja!" Kicheko kikalipuka.

Mama Waridi alimtazama yule kaka. Yule kaka hakupepesa hata ukope. Wapo watu waliozaliwa na macho makavu.

"Ni nani huyo, kaka?"

"Mama ana wageni. Akiamka nitampa," akasema, kana kwamba sentensi mbili hizo zingeweza kukaa nyumba moja. Akapitisha mikono juu ya geti, akakichukua kikapu, akachukua na daftari, akaweka sahihi yenye mkia wa mjusi, akalirudisha. Kisha, pale pale mbele yake, vidole vyake vikaenda kwenye utepe. Mafundo mawili hayakumsumbua. Aliivuta kadi kwa ustadi wa mtu aliyezoea, bila hata kuiangalia, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akageuka, akaingia.

"Twende, shemeji," Shemeji akasema chinichini.

Mama Waridi hakwenda. Alisimama amelishika geti, na kupitia dirisha akaona yote. Alimwona bibi mmoja mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mabutu mawili, amekaa kwenye kiti cha mikono na fremu ya kutembelea pembeni. Alimwona yule kaka akipiga goti na kumwekea alizeti mapajani.

"Mama, hizi ni kutoka kwangu na mkwe wako. Hongera kwa siku yako."

Bibi yule akaziinamia, akazinusa, ingawa alizeti hazina harufu ya maana. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

"Alizeti! Umekumbuka alizeti zangu, mwanangu. Angalau wewe unanikumbuka." Kisha akaongeza kwa sauti iliyoshuka, "Mwenzio hata leo hajapiga."

"Huko wana kazi nyingi, mama," yule kaka akamjibu kwa upole. "Msamehe tu."

Msamehe tu! Kumbe mtu anaweza kuiba kitu, akakitoa zawadi, kisha akamwombea msamaha yule aliyemwibia! Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii yenye makovu ya miiba, alikuwa amemfungia wizi huo mara tatu, akautia na utepe.

"Shemeji, twende," Shemeji akarudia. "Mambo ya ndugu hayo. Wakigombana wewe shika jembe ukalime. Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Pilipili hii nimeileta mwenyewe, nimeikumbatia njia nzima," akajibu. "Nishikie pochi."

Geti halikuwa limefungwa kwa komeo. Akalisukuma, akavua viatu, akaviacha pamoja na vya wageni, akasimama mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu!" akajibu mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, bila kujua anamkaribisha nani. "Leo ni siku ya watu wote."

Akaingia. Waliokuwepo hawakuzidi saba: wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, wenye mvi zao sasa, na mwanamke mwembamba aliyebeba sinia la vikombe, ambaye Mama Waridi alimtambua kuwa ndiye mke wa yule kaka kwa jinsi alivyogeuka kumtazama mumewe kwanza. Yule kaka alisimama ghafla.

Mama Waridi alimpita, akainama mbele ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe nilikufundisha? Nisamehe, sura zinanipotea."

"Hukunifundisha, Mwalimu. Mimi ndiye niliyefunga maua hayo uliyoyapakata. Nimeingia kwa sababu yana kadi yake, na sijaona umepewa."

"Kadi?" Mwalimu akapapasa utepe.

"Mama, huyu ni muuzaji tu," yule kaka akasema, akicheka kicheko kisichofika popote. "Dada, tumeshamalizana nje. Kadi hakuna."

"Mimi ni muuzaji kweli," Mama Waridi akasema bila kumwangalia. "Na bidhaa yangu huwa naifikisha nzima. Kadi iko kwenye mfuko wa shati lako, kaka, upande wa kushoto. Inachungulia."

Watu wote sebuleni wakautazama mfuko. Kweli, pembe moja ya karatasi ya manjano ilikuwa imejitokeza juu ya shati jeupe. Yule kaka akaufunika kwa kiganja, kama mtu anayekula kiapo.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, vidole vikiwa vimetulia, mkono ambao kwa miaka thelathini na minne ulipokea kwa namna hiyo manati, peremende na barua za mapenzi.

"Lete."

Mtu mzima wa miaka hamsini akaleta.

Mwalimu aliisogeza kadi karibu na macho, kisha mbali, kisha akampa Mama Waridi. "Nisomee. Miwani yangu nayo imeharibika, siku hizi humu kila kitu changu kinaharibika."

Mama Waridi akasoma. Hakuhitaji kuiangalia sana, maneno alikuwa ameyaandika mara mbili siku hiyo. "Mama, hongera kwa miaka sabini na tano. Nimekutumia alizeti kama zile za darasani. Hii ni mara ya tatu nakutumia maua na sijasikia neno lako. Kama nimekukosea, nitukane hata kwa simu, nitafurahi. Nimekumiss mpaka naumwa. Ni mimi kitindamimba wako."

Mwanamke mwenye miwani alikishusha kikombe chake sakafuni polepole, kama vile kingelipuka.

"Mara ya tatu?" Mwalimu akauliza. Akageuza kichwa kuelekea dirishani, ambako juu ya kizingiti palikuwa na kikapu kitupu chenye utepe wa bluu uliochakaa. Mama Waridi alikitambua, kilikuwa chake. "Yale ya siku niliyotoka hospitali, na yale ya baba yenu. Uliniambia umeyanunua wewe."

"Mama, tuongee baadaye, wageni..."

"Wageni nimewafundisha kusoma mwenyewe. Hawana la kushangaa. Nakuuliza."

Hapo ndipo yule kaka alipopasuka. Uso wake mpole ulikunjamana, akaanza kusema kwa sauti ambayo pengine hata yeye hakuwahi kuisikia.

"Ndiyo, mara ya tatu! Na kabla ya hapo alipiga simu mara hamsini! Na kila akipiga, mama, unang'aa kutwa nzima: kitindamimba kasema hivi, kitindamimba kaniuliza vile. Nani anakuinua kitandani? Nani anakupeleka msalani? Huyu," akamwonyesha mkewe kwa kidole, "ameacha kazi yake kiwandani kwa ajili yako. Umewahi kung'aa kwa ajili yetu? Yeye anabonyeza simu huko aliko, maua yanakuja, anakuwa mtoto mwema. Sisi tuliopo tumekuwa kama viti. Nikasema ngoja na mimi nishukuriwe mara moja. Mara moja tu!"

Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka. Mama Waridi, kwa hasira zote alizokuja nazo, alihisi kitu kikimchoma kidogo, kwa sababu maneno hayo hayakuwa ya uongo. Lakini alipomwangalia yule bibi, hasira zikarudi mahali pake.

Mwalimu alikishusha kikapu cha alizeti miguuni pake.

"Ungesema umechoka," akasema. "Mimi ni mama yako, ungeniambia, 'Mama, nimechoka, nishukuru.' Ningekushukuru mpaka ukinai. Kosa langu nalikubali, nilidhani unajua. Lakini wewe... Umekaa chumba cha pili. Umenisikia nikilia. Ulikuja ukanishika mkono, ukaniuliza ninalilia nini, nikakuambia namlilia mdogo wako, amenitupa. Ukanifuta machozi. Ukaniambia ndiyo dunia, mama. Hukuwa umechoka siku hiyo. Siku hiyo ulikuwa unanitazama nikiteseka, na dawa yangu unayo mfukoni!"

Yule kaka akageuka kumtazama mkewe.

"Simu ya mama haijaharibika," akasema mkewe.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akalitua sinia mezani. "Ipo kabatini chini ya mashuka. Imezimika tu. Nilitaka kusema, mama. Kila siku nilitaka."

"Wewe tutaongea," Mwalimu akamwambia, lakini bila ukali. "Kaiweke kwenye chaji."

"Itachukua muda," Mama Waridi akasema. "Namba yake ninayo hapa." Akatoa simu yake mfukoni, akaipiga, akaiweka kwenye sikio la bibi.

Iliita mara moja tu.

"Dada? Umefika? Alisemaje?" sauti ya binti ikasikika mpaka kwenye viti vya nyuma.

"Kitindamimba," Mwalimu akasema.

Kilichotoka kwenye simu kilikuwa kilio, na kilio hicho kilimfanya meneja aliyewahi kuweka chura kwenye dawati atoe leso. Mama Waridi hakutaka kukaa kusikiliza ya watu. Simu ilikuwa yake, kwa hiyo hakuweza kuondoka. Akatoka barazani kusubiri. Yule kaka akamfuata.

"Umefurahi?" akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Umekuja kuvunja nyumba ya watu siku ya furaha yao. Naweza kukushtaki, unajua?"

"Kanishtaki. Sahihi zako tatu ziko kwenye daftari langu, nitakwenda nalo."

"Hujui kuuguza ni nini, wewe. Unauza maua."

Mama Waridi akamgeukia. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, na mikono yake bado ilikuwa ya kijani kwa utomvu wa mashina.

"Nimemuuguza mama mkwe wangu miaka minne, kaka. Nimemgeuza, nimemfulia, nimetukanwa naye alipokuwa hanijui. Wifi zangu walikuwa mbali, walikuwa wanatuma salamu, na mama wa watu akizipata anacheka siku nzima, mimi aliniona kama ukuta. Unadhani haikuniuma? Iliniuma. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi nikamsomea salamu zake, tena kwa sauti. Kwa sababu hazikuwa zangu! Kumwosha mama yako ni kazi kubwa, Mungu akulipe. Lakini haikupi ruhusa ya kumwibia mtoto wake."

Yule kaka alitazama viatu vilivyopangana mlangoni. Mkewe alitoka na ile simu, akampa Mama Waridi bila kumwangalia mumewe, akasema, "Mama anasema ahsante. Anasema maua yamefika."

Njiani Shemeji hakusema neno mpaka dukani, na hilo halikuwahi kutokea tangu anunue pikipiki.

Kama Mama Waridi alidhani atashukuriwa, alijidanganya. Kesho yake asubuhi binti alipiga, na sauti yake haikuwa ya kujificha tena.

"Nimeongea na mama saa mbili nzima," akasema. "Nimemsikia, amenisikia, namshukuru Mungu. Sasa nataka nikuulize na wewe, dada. Mara mbili uliniambia alifurahi sana. Mara mbili! Mimi nikakaa huku nikijiuliza, kama alifurahi, mbona hanipigii? Ungeniambia 'sikumwona, kapokea mwanawe,' ningejua siku ileile ya kwanza. Miezi mitano, dada! Kaka kaniibia, lakini wewe ndiye uliyenifunga macho."

Mama Waridi alifungua mdomo ajitetee. Alitaka kusema kwamba ni mazoea ya biashara, kwamba wenye maduka wote husema hivyo, kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuichomoa ile kadi. Kisha akayaona maneno hayo yalivyofanana na ya yule kaka barazani, akayameza.

"Ni kweli," akasema. "Nilikudanganya. Sikujua, nikajifanya najua. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe," binti akasema, akakata.

Siku hiyo Mama Waridi alimwita Shemeji, akamwambia kwamba kuanzia sasa maua hayaachwi getini. Anayetumiwa ndiye anayepokea, na akitoa neno, neno hilo linaandikwa daftarini kama lilivyotoka, hata likiwa tusi. Asipoonekana, inaandikwa hakuonekana. Shemeji alilalamika kwamba yeye ni dereva, si karani, na kwamba watu wengine wakipewa maua hulia, sasa kilio ataandikaje? "Andika 'kalia,'" akajibiwa.

Zikapita wiki tatu. Mama Waridi alikuwa amekwisha kumkatia tamaa mteja wake wa ng'ambo, ndipo simu ikalia tena, saa nne asubuhi.

"Nataka maua ya leo leo," binti akasema kwa ukavu. "Nyumba ileile. Ila si ya mama. Ni ya wifi yangu, mke wa kaka. Mama kaniambia mengi kuhusu wifi, kwamba yeye ndiye hasa anayemuuguza usiku na mchana. Mwandikie hivi: wifi, najua ni wewe. Ahsante. Basi, hayo tu."

"Na kaka je, hakuna neno?"

"Kaka hapana. Mama amemwambia aombe radhi, akasema tayari aliomba. Mimi sijaisikia. Weka mengi, dada. Yale mazuri zaidi uliyo nayo."

Aliyapeleka mwenyewe. Alimkuta mke wa kaka uani, amepiga magoti mbele ya beseni, shuka la Mwalimu likiwa limejaa povu mikononi mwake.

"Ya mama?" akauliza, akitaka kuinuka. "Subiri nimwite, siku hizi anatoka mwenyewe na fremu."

"Si ya mama. Ni yako."

Mwanamke yule aliangalia nyuma yake, kama vile pengine kuna mtu mwingine amesimama. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaipokea kadi, akaisoma, akairudia. Halafu akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, na kikapu mapajani.

"Nimeolewa miaka kumi na sita," akasema. "Sijawahi kupewa hata jani."

Mama Waridi akafungua daftari, akayaandika maneno hayo kama yalivyo.

Yule kaka alitokea kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwona Mama Waridi, akasita, akamwona mkewe aliyekaa chini na maua.

"Yametoka kwa nani hayo?" akauliza.

Mkewe aliinuka, akaitia kadi kifuani chini ya khanga, akakibeba kikapu kwa mikono yote miwili.

"Yangu," akamjibu. "Hebu nipishe nipite. Na hilo shuka limalizie wewe."